Joto, Halijoto na Mchemko wa Maji juu ya Nyuso za Nano

Mtu akiandika kwamba maji yachemkapo joto huzidi kuingia ila joto haliongezeki, msomaji atadhani amekosea. Kosa si la fizikia bali la msamiati. Katika mazungumzo ya kila siku neno joto hubeba mambo mawili: nguvu iingiayo katika kitu, na kadiri ya ukali wake isomwayo kwenye kipimajoto. Jikoni hapana hasara yoyote. Darasani hasara ni kubwa, na kwa sababu hiyo jambo la pili limepewa jina lake, yaani halijoto. Faida ya jina hilo haionekani vizuri zaidi kuliko katika habari ya mchemko.

Kilo moja ya maji ya nyuzi 20 huhitaji kilojuli 335 hivi ili ifikie nyuzi 100. Kuyageuza maji hayo yote kuwa mvuke kwahitaji kilojuli 2,257 zaidi, na muda wote huo halijoto hukaa palepale. Kila kiputo kiinukacho huondoka na shehena kubwa ya joto. (Wengine huandika povu, lakini povu ni kama la sabuni, kiputo ni kimoja chenye mpaka wake.) Ndiyo maana wahandisi hutumia mchemko ndani ya vinu vya nyuklia, na hutaka kuutumia kupozea vifaa vya elektroniki.

Lakini mchemko una kikomo. Mwaka 1934 Shiro Nukiyama, wa Sendai huko Japani, alizamisha waya mwembamba katika maji, akaupitishia umeme na kuuongeza kidogo kidogo. Viputo vilizidi hata vikaungana, vikawa utando wa mvuke uliozunguka waya. Maji hayakuugusa tena. Halijoto yake ikaruka kwa mamia ya nyuzi, na waya wa nikromu ukakatika kwa kuungua. Waya wa platini, ambayo huyeyuka kwa shida zaidi, ulistahimili. Makala yake aliiandika kwa Kijapani, na tafsiri ya Kiingereza ilichapishwa mwaka 1966, jambo ambalo wanaodai kwamba sayansi sharti izaliwe katika lugha moja wangefaa kulitafakari. Utando huo (usichanganywe na utandu wa wali) ndio ufanyao tone la maji lichezecheze juu ya kikaango cha moto mkali badala ya kukauka mara moja, kama alivyoeleza Leidenfrost mwaka 1756.

Juu ya bamba la kawaida, kikomo hicho ni karibu wati 100 kwa kila sentimita mraba. Katika kinu, kukivuka ni hatari: ganda la madini lililofunika fueli laweza kuharibika.

Hapa ndipo nyuso za nano zinapoingia. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Uso wa bamba huoteshwa vijiti vyembamba mno, vilivyosongamana kama manyoya. Kazi yao yaelezwa vyema na utambi wa taa: kama utambi uvutavyo mafuta, ndivyo nafasi kati ya vijiti zivutavyo maji, zikiyarudisha chini ya viputo kabla utando haujaenea. Mwaka 2009 watafiti wa Berkeley, Marekani, walionyesha kwamba nyuso zenye vijiti vya silikoni au shaba hupandisha kikomo hicho zaidi ya maradufu.

Hata hivyo kuna mvutano. Uso upendao maji sana huchelewesha kuzaliwa kwa viputo, kwa kuwa kiputo huanzia katika kishimo chenye hewa au mvuke ulionaswa; maji yakijaza kila kishimo, uso sharti upate halijoto ya juu zaidi kabla mchemko haujaanza. Kwa hiyo baadhi ya watafiti huchanganya vijiti vya nano na mashimo makubwa kidogo: vijiti vivute maji, mashimo yazae viputo.

Tatizo lililo gumu zaidi ni la kawaida kabisa. Maji yenye chumvichumvi huacha ukoko, kama ule uonekanao ndani ya birika la zamani. Birika hustahimili ukoko huo. Vijiti vyembamba kuliko unywele mara mamia huzibwa nao.