Mpishi Ajua Kilichobaki

Mpishi wa karamu za wakubwa humpima kiongozi kwa sahani inayorudi jikoni. Hapa Kilakala, Morogoro, mboga hushuka kutoka milima ya Uluguru vichwani mwa akina mama. Zikirudi bila kuguswa, mpishi ndiye azitupaye, na aliyezilima hana habari.

Novemba 2015, Rais John Magufuli aliagiza fedha zilizochangwa kwa tafrija ya wabunge Dodoma zinunue vitanda vya Hospitali ya Muhimbili. Hatukusikia kwamba mbunge yeyote alilala na njaa.

Tunawaomba waheshimiwa, wa Bara na wa Visiwani: kabla ya kuagiza karamu nyingine, mwulizeni mpishi kilichobaki katika ile iliyopita.