Kukadiria Desimali: Istilahi na Kanuni Yake

Mfasiri akutapo maelezo ya Kiingereza juu ya kupunguza tarakimu za desimali huweza kushawishika kuandika "kuzungusha namba", kwa kuwa lugha hiyo hulitaja tendo hilo kwa neno la mviringo. Tafsiri hiyo haifai. Katika Kiswahili lizungushwalo ni gurudumu. Na mwananchi akisema kuwa karani amemzungusha, maana yake ameambiwa "njoo kesho" mara nyingi bila ya kuhudumiwa. Istilahi ifaayo ni kukadiria. Hata hivyo, neno hili lina maana mbili ambazo hazina budi kutenganishwa.

Tuchukue mfano wa mkulima wa karanga wa Mlali, wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Akilitazama gunia lake na kusema kuwa halipungui kilo 45, amekadiria kwa jicho. Gunia hilo likipimwa kwenye mizani na kuonekana lina kilo 47.46, kisha karani akaandika 47.5, naye pia amekadiria. Ila yeye anao uzito uliopimwa, na ameufupisha kwa kufuata kanuni. Ili maana hizi zisichanganywe, inapendekezwa kwamba katika maana ya pili nafasi itajwe daima: "kukadiria hadi nafasi moja ya desimali", au "hadi kilo nzima iliyo karibu".

Kanuni yenyewe ni hii: tazama tarakimu moja tu inayofuata, kulia kwa nafasi unayotaka kuibakiza. Ikiwa ni 0 hadi 4, tarakimu inayobakizwa haibadiliki. Ikiwa ni 5 hadi 9, huongezwa 1. Kwa Sensa ya mwaka 2022, Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120, yaani milioni 61.7, na Mkoa wa Dodoma watu 3,085,625, yaani milioni 3.1.

Yako makosa mawili ya kuepukwa. La kwanza ni kukadiria juu ya makadirio. Kilo 47.46 hadi kilo nzima ni 47, kwa sababu tarakimu ya sehemu ya kumi ni 4. Lakini anayeanzia kwenye 47.5 iliyokwisha kukadiriwa atapata 48. Kila kadirio lianzie kwenye namba ya asili.

La pili ni kukadiria kabla ya kumaliza hesabu. Tuseme kilo moja ya karanga ni shilingi 2,000. Kilo 47.46 ni shilingi 94,920. Kilo 47 ni shilingi 94,000. Mkulima amepunjwa shilingi 920, ingawa karani hakukosea kuzidisha.

Kwa hiyo mwalimu na mtumishi wa umma wazingatie kuwa kukadiria huja mwisho wa hesabu, na kwamba kila tangazo au stakabadhi yenye namba iliyokadiriwa yapasa itaje imekadiriwa hadi nafasi ipi.