Kabla ya kubonyeza «Jiunge»

Katika mazungumzo yetu na familia zilizohama, swali hili linarudi mara nyingi: «Nimetumiwa kiungo cha kundi la WhatsApp. Niingie ao niache?»

Kwanza tujue kwamba kubonyeza kiungo si kuingia bado. Simu inakuonyesha jina la kundi, picha yake na hesabu ya watu walio ndani, mara nyingine na maelezo mafupi. Hapo ndipo pa kusimama na kusoma, maana ukishaingia, kila mwanamemba anaona namba yako. Tangu mwaka wa 2022 kundi moja linaweza kubeba watu 1024. Huwezi kuwajua wote.

Jina tulitazame sana. Likitaja kabila moja dhidi ya lingine, ao picha ikiwa ya silaha, tusiingie hata kama ni shemeji aliyetuma kiungo. Jina hilo litakaa ndani ya simu yako, na mtu akikukagua kwenye bariera atalisoma kabla ya ujumbe wowote. Wewe utasema uliingia kutafuta habari za kijiji tu. Nani atakusikiliza?

Kuna na makundi yenye alama ya PAM ao ya shirika lingine, yanayoahidi kuandikisha watu kwa msaada. Picha ile mtu yeyote anaweza kuiweka. Msaada wa kibinadamu haulipiwi: wakikuomba franga kwa M-Pesa ao Airtel Money ili jina lako liandikwe, ni wezi. Muulize rais wa kambi uso kwa uso.

Wengi wanatuambia hawakuchagua, waliingizwa tu. Tangu 2019 kuna dawa. Kwa simu iliyo katika Kifaransa, fungua Paramètres, kisha Confidentialité, kisha Groupes, uchague «Mes contacts». Mtu ambaye namba yake hukuiandika katika simu hataweza kukuingiza. Na ukitaka kutoka, toka: siku hizi wasimamizi peke yao ndio wanaopata taarifa, ingawa wengine wanaweza kukuona katika orodha ya waliotoka kwa siku 60.

Ninyi viongozi mnaofungua makundi ya kambi, maelezo ya kundi msiyaache matupu. Andikeni ni kundi la nani, la kazi gani, na wasimamizi wanapatikana wapi kambini, ili mama aliyepokea kiungo aweze kuja kuuliza kwanza. Kiungo kikianza kuzunguka ovyo, msimamizi anaweza kukifuta na kutengeneza kingine. Hiyo ni kazi ya dakika moja. Anaweza pia kuweka kwamba kila anayetaka kuingia akubaliwe kwanza, na sisi tunapenda zaidi njia hiyo, hata kama inachosha.