Pagoda ya Laeken: ufundi wa Asia, jasho la Kongo

Mkongomani akifika Brussels, wenyeji wake humpeleka kwanza Matonge. Huko atakula fufu na pondu, atasikia Kilingala na Kiswahili barabarani, na atapiga picha kwenye uwanja mdogo uliopewa jina la Patrice Lumumba tarehe 30 Juni 2018. Kwa mtu wa kartye Lumumba, hapa Bunia, picha hiyo haikosi maana. Lakini kuna matembezi mengine ambayo wachache huyafikiria: kupanda tramu hadi Laeken, kaskazini mwa jiji, kutazama pagoda ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji.

Ukishuka kituo cha Araucaria utaona mnara mwekundu wa orofa tano, wa mtindo wa Kijapani, paa zake zimekunjwa ncha kuelekea juu. Ng'ambo ya barabara limesimama Banda la Kichina, lililojaa nakshi na dhahabu ya kupaka. Njia ya chini ya ardhi inayaunganisha majengo hayo mawili. Tangu mwaka 2013 milango imefungwa kwa sababu za usalama, kwa hiyo mgeni hutazama kwa nje tu. Hata hivyo cha kutazama kipo: mbao za banda hilo zilichongwa Shanghai, zikasafirishwa kwa meli mpaka Ubelgiji.

Leopold alivutiwa na kazi ya Alexandre Marcel, mbunifu Mfaransa, kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1900. Akanunua ukumbi mmoja wa maonyesho hayo uwe mlango wa mnara, akamwita Marcel ajenge vilivyobaki. Mnara ulifunguliwa mwaka 1905. Banda, ambalo mfalme alitaka liwe mkahawa wa kifahari, lilikamilika mwaka 1910, yeye akiwa amekwisha kufa Desemba 1909. Baadaye likageuzwa makumbusho ya vyombo vya kaure vya China.

Miaka hiyohiyo, kwetu, wanavijiji walilazimishwa kuleta mpira wa msituni kwa kilo. Wake zao walishikwa mateka mpaka mzigo utimie. Waliopungukiwa walichapwa viboko, wengine wakauawa au kukatwa mikono. Mfalme alijitengea pia eneo lake, kandokando ya Ziwa Mai-Ndombe la leo, kubwa kuliko Ubelgiji mara kadhaa, na faida yake ikaenda kwenye majengo ya fahari huko kwao. Kongo yenyewe hakuwahi kuikanyaga.

Na Wachina? Mwaka 1892 vibarua 540 waliletwa kutoka Macau kujenga reli ya Matadi hadi Léopoldville, Kinshasa ya leo. Karibu 300 walikufa au walitoroka. Reli ilipokwisha mwaka 1898, Dola Huru ya Kongo, yaani Kongo iliyokuwa mali ya Leopold mwenyewe, ilitia saini mkataba na China mjini Beijing. Ndiyo kusema, mfalme aliyewapeleka Wachina wafie kwenye reli ndiye aliyeagiza nakshi za Shanghai zimpambie bustani.

Sisi wa Ituri hatuko mbali na hesabu hiyo. Uchimbaji wa dhahabu ya eneo la Kilo, hapa kwetu, ulianza mwaka 1905, mwaka uleule wa kufunguliwa kwa mnara. Leo Mchina anayetajwa sana mkoani mwetu ni yule mwenye mashine za dhahabu kwenye mito ya Mambasa, na wanakijiji wanalalamika kwamba maji yamechafuka. Mchimbaji amebadilika, lakini swali ni lilelile: mali ikitoka hapa, nyumba nzuri inajengwa wapi?

Kwa hiyo, ndugu uliyeko Ulaya, nenda Laeken na watoto. Wasifu mafundi, maana wanastahili sifa. Ila mtembeza wageni akizungumzia Shanghai na Paris bila kuutaja mpira, amesimulia nusu tu. Nusu iliyobaki isimulie wewe, tena kwa sauti, watalii wengine nao wasikie.