Mate, Fundi wa Meno

Kila tarehe 20 Machi, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, wanafunzi wa udaktari wa meno, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, huingia shule za msingi na modeli ya taya na mswaki. Kusugua juu na chini watoto wengi wameshakusikia. Somo tamu zaidi ni la mate, na linawafaa hasa watoto ambao kwao dawa ya meno hununuliwa kwa nadra na kliniki iko mbali.

Nje ya geti la shule kunauzwa ubuyu uliopakwa sukari. Mtoto hununua kifuko, akamung'unya kokwa moja moja tangu mapumziko hadi kengele ya kwenda nyumbani. Bakteria walio kwenye ukoga, hasa Streptococcus mutans, huila ile sukari na kutoa asidi. Mwaka 1940 Mmarekani Robert Stephan alionyesha kuwa asidi hiyo hupanda dakika chache tu baada ya sukari kuingia kinywani, kisha huchukua nusu saa hadi saa nzima kutulia. pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, kalsiamu na fosfeti huanza kutoka kwenye enameli.

Jino ni kama ukuta uliopigwa lipu, na mate ndiyo fundi wake. Asidi ni mvua inayoibandua lipu. Mate huizimua, kisha huirudisha kalsiamu mahali pake. Mvua ikinyesha mara moja, fundi ana mchana kutwa wa kuziba. Lakini kila kokwa ni wingu jipya: lipu haijakauka, mvua nyingine hiyo! Usiku mate hupungua sana, maana fundi naye amelala. Floridi ya dawa ya meno humpa saruji ngumu zaidi.

Kwa hiyo hakuna haja ya kuwapiga watoto marufuku. Ubuyu uliwe wote kwa mkupuo, baada ya chakula cha mchana, kisha maji. Na mswaki usikose kabla ya kulala. Ushauri huo hauongezi hata shilingi kwenye bajeti ya mzazi.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watoto milioni 514 wana meno ya utotoni yaliyooza. Kwa tatizo kubwa namna hii, ziara moja shuleni haitoshi. Atakayelirudia somo ni mwalimu wa darasa, na ni vyema wanafunzi wa udaktari wamwachie ile modeli wanapoondoka.