Haki ya wakili kwa maskini: Jinsi sheria za jinai za Marekani zilivyobadilika

WATAZAMAJI wa filamu za Kimarekani wamekwisha kuyazoea maneno ambayo askari polisi humwambia mtuhumiwa anapomtia pingu: kwamba ana haki ya kukaa kimya, kwamba lolote atakalolisema laweza kutumika dhidi yake mahakamani, kwamba ana haki ya kuwa na wakili, na kwamba iwapo hana uwezo wa kumlipa, atatafutiwa mmoja.

Maneno hayo husikika kana kwamba yalizaliwa pamoja na taifa lenyewe. Ukweli ni kwamba ahadi ile ya mwisho, ya wakili kwa asiye na fedha, ina umri mdogo kuliko wazee wengi walio hai leo. Haikutolewa na waasisi wa Marekani. Ilidaiwa mahakamani, kipande baada ya kipande, na watu ambao aghalabu walikuwa gerezani, na hadi sasa bado haijapatiwa mlipaji wa kuaminika.

Marekebisho ya Sita ya Katiba ya Marekani, yaliyoridhiwa mwaka 1791, yanasema kuwa mshitakiwa wa jinai atakuwa na msaada wa wakili. Maana ya maneno hayo wakati ule ilikuwa finyu. Kwa Waingereza, ambao ndio walioyarithisha makoloni yao sheria, mtu aliyeshitakiwa kwa kosa kubwa hakuruhusiwa kutetewa kikamilifu na wakili hata kama alikuwa na fedha, na hali hiyo haikubadilishwa hadi mwaka 1836. Wamarekani waliikataa desturi hiyo. Walichokusudia ni kwamba mwenye wakili asizuiwe kumtumia. Asiye na fedha hakuwamo katika hesabu.

Aidha, ikumbukwe kuwa Marekani haina mfumo mmoja wa mahakama. Ipo Serikali ya shirikisho na mahakama zake, na kila jimbo nalo lina sheria zake za jinai, polisi wake, majaji wake na magereza yake. Kesi nyingi za wizi, ujambazi na mauaji husikilizwa katika mahakama za majimbo. Marekebisho ya Sita yalizibana mahakama za shirikisho peke yake, na majimbo yakabaki kujiamulia.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilileta mabadiliko mawili yaliyovutana. Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868 yaliyakataza majimbo kumnyang'anya mtu uhai, uhuru au mali bila kufuata utaratibu wa haki. Lakini Marekebisho ya 13 ya mwaka 1865, yale yaliyofuta utumwa, yaliacha mlango mmoja wazi: kazi ya kulazimishwa iliruhusiwa iwapo ni adhabu ya kosa la jinai. Majimbo ya Kusini yaliuona mlango huo mapema. Mtu mweusi aliyekamatwa kwa uzururaji aliweza kuhukumiwa kwa dakika chache, bila wakili, kisha akakodishwa kwa mwenye mgodi wa makaa ya mawe, shamba au reli. Alabama ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuiacha biashara hiyo ya kukodisha wafungwa, mwaka 1928.

Ni katika Alabama hiyo hiyo kesi iliyozizindua mahakama ilikotokea. Machi 25, 1931, wavulana na vijana tisa weusi waliodandia treni ya mizigo walikamatwa na kushitakiwa kwa kuwabaka wasichana wawili wa kizungu. Mdogo wao wa mwisho alikuwa hajafikisha miaka 14. Kesi zilianza katika mji wa Scottsboro Aprili 6, yaani kabla ya majuma mawili kupita, huku umati wa watu wenye hasira ukiwa umeizingira mahakama. Jaji alikuwa amewateua mawakili wote wa mji ule kuwasimamia washitakiwa, ambayo ni namna nyingine ya kusema kuwa hakumteua yeyote. Asubuhi ya kesi walisimama wawili: mmoja mwanasheria wa mambo ya nyumba na viwanja kutoka jimbo jirani la Tennessee, asiyezijua sheria za Alabama, na mwingine mzee wa karibu miaka 70. Vijana wanane walihukumiwa kifo. Wa tisa, yule mdogo, jopo la raia lilishindwa kuafikiana juu yake.

Novemba 1932, Mahakama ya Juu ya Marekani ilizitengua hukumu hizo. Jaji George Sutherland aliandika kuwa hata mtu mwenye akili na elimu hana ujuzi wa kutosha wa sheria kuweza kujitetea peke yake, na kwamba kumpa mshitakiwa wakili wa jina tu ni sawa na kumnyima. Mmoja wa wasichana wale alikana madai yake mwaka 1933, na bado Alabama iliendelea kuwashitaki vijana hao. Hakuna aliyenyongwa, lakini wa mwisho alitoka gerezani mwaka 1950, na msamaha kwa waliosalia bila kusafishwa majina ulitolewa mwaka 2013, wenyewe wakiwa wamekwisha kufa.

Uamuzi ule ulihusu kesi zenye adhabu ya kifo peke yake. Mwaka 1942 mkulima kibarua wa Maryland, Smith Betts, aliyefungwa miaka minane kwa unyang'anyi baada ya kunyimwa wakili, aliiomba Mahakama ya Juu iupanue. Ilikataa. Ilisema jimbo halilazimiki kumpa maskini wakili isipokuwa pawe na hali ya pekee, kama vile kutojua kusoma. Jaji Hugo Black, mwenyeji wa Alabama, alikuwa miongoni mwa waliopinga. Ilimbidi asubiri miaka 21.

Mtu aliyempa nafasi hiyo hakuwa wa kuvutia. Clarence Earl Gideon alikuwa mzungu maskini, mzururaji aliyeacha shule mapema na kufungwa mara kadhaa. Mwaka 1961 alishitakiwa huko Panama City, Florida, kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool na kuiba sarafu kutoka katika mashine, pamoja na vinywaji. Aliomba wakili. Jaji alimjibu kwa upole kuwa sheria ya Florida haimruhusu kumteulia mtu wakili isipokuwa kwa kosa la kunyongwa. Gideon alijitetea mwenyewe, akawahoji mashahidi kadiri alivyojua, na akafungwa miaka mitano.

Akiwa gerezani aliandika ombi kwa penseli, katika karatasi za gereza, akalituma Washington mwanzoni mwa 1962. Mahakama ya Juu ililipokea na kumpangia mmoja wa mawakili hodari wa mji mkuu, Abe Fortas, ambaye baadaye alikuja kuwa jaji wa mahakama hiyo hiyo. Jambo lililowashangaza wengi ni msimamo wa majimbo. Florida ilikuwa imeyaandikia mengine kuomba yaiunge mkono, na ikaungwa mkono na mawili tu, Alabama na North Carolina. Zaidi ya majimbo 20 yalisimama upande wa mfungwa.

Machi 18, 1963, majaji wote tisa waliamua kwa kauli moja kwamba mshitakiwa wa kosa kubwa asiye na uwezo ni lazima apewe wakili katika mahakama za majimbo pia. Aliyeiandika hukumu ni Hugo Black. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: Serikali hutumia fedha nyingi kuajiri waendesha mashtaka, na wenye fedha wakishitakiwa huajiri mawakili bora wanaoweza kuwapata, kwa hiyo wakili mahakamani ni hitaji, wala si anasa.

Kilichofuata ndicho kinachoeleza thamani ya wakili kuliko hukumu yenyewe. Agosti 1963 Gideon alirudishwa mbele ya jaji yule yule, katika mji ule ule, na shahidi mkuu alikuwa yule yule. Tofauti ilikuwa moja: alisimama naye Fred Turner, wakili wa hapo hapo mjini, ambaye kabla ya siku ya kesi alikwenda kuchunguza eneo la tukio na kuwahoji watu. Turner alimbana shahidi huyo hadi ikaanza kuonekana kuwa huenda yeye ndiye aliyewalindia wezi mlango. Jopo la raia lilijadiliana kwa muda wa saa moja hivi na kumwachia Gideon huru. Katika Florida peke yake, wafungwa zaidi ya 2,000 waliohukumiwa bila wakili waliachiwa kutokana na uamuzi ule.

Miaka mitatu baadaye ilifuata kesi ya Ernesto Miranda, aliyekiri ubakaji mbele ya polisi wa Phoenix, Arizona, bila kuelezwa haki zake. Kwa kura tano dhidi ya nne, Mahakama ya Juu iliagiza mwaka 1966 kuwa mtuhumiwa aliye chini ya ulinzi asihojiwe kabla ya kuelezwa haki hizo, na ndipo yalipotoka maneno ya kwenye filamu. Miranda mwenyewe hakunufaika sana. Alishitakiwa upya bila ungamo lake kutumika, na akatiwa hatiani tena. Mwaka 1972 haki ya wakili ilipanuliwa hadi kwa makosa madogo, iwapo mtu anafungwa.

Kwa hiyo, katika muda wa miaka tisa Marekani ilikuwa imejenga ulinzi ambao nchi chache zilikuwa nao. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo ilikuwa kubwa: Mahakama iliamuru wakili atolewe, haikusema nani amlipe. Kila jimbo lilipanga lake. Mengine yaliunda ofisi za mawakili wa umma, kama Los Angeles ilivyofanya tangu mwaka 1914; mengine yaliutupa mzigo kwa wilaya zake.

Wakati huo huo idadi ya washitakiwa ilipanda kwa kasi ambayo hakuna aliyeitarajia mwaka 1963. New York ilipitisha sheria kali za dawa za kulevya mwaka 1973, Bunge la Marekani likafuata mwaka 1986 kwa adhabu za kima cha chini ambazo jaji hawezi kuzipunguza, na majimbo kadhaa yakaweka kifungo cha maisha kwa mwenye kurudia kosa mara ya tatu. Magereza ya majimbo na shirikisho, yaliyokuwa na wafungwa wapatao 200,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970, yalifikisha zaidi ya milioni 1.6 mwaka 2009. Idadi hiyo imeshuka tangu wakati huo, lakini bado inazidi milioni moja, bila kuhesabu mahabusu.

Kesi nyingi kiasi hicho haziwezi kusikilizwa. Zinamalizwa nje ya ukumbi, kwa makubaliano: mshitakiwa anakiri kosa, mwendesha mashtaka anampunguzia. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu yenyewe ilieleza kuwa asilimia 97 ya hatia katika mahakama za shirikisho, na asilimia 94 katika zile za majimbo, hutokana na kukiri. Wasomaji wa Afrika Mashariki hawaugeni utaratibu huo, kwani Kenya iliuingiza katika sheria mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2019.

Makubaliano hayo yana meno. Paul Hayes wa Kentucky alishitakiwa kwa hundi ya kughushi ya dola 88.30, kosa lenye kifungo cha kati ya miaka miwili na kumi. Mwendesha mashtaka alimwahidi mitano akikiri, na akamwonya kuwa akikataa atamshitaki kama mhalifu sugu. Hayes alikataa, akapata kifungo cha maisha. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, ilisema hapo Katiba haikuvunjwa. Katika mazingira kama hayo, mshitakiwa asiye na hatia lakini asiye na dhamana hupima siku za kukaa rumande na kuona kuwa kukiri ndiyo njia fupi ya kurudi nyumbani. Anayehitajika kumweleza hasara za njia hiyo ni wakili, na wakili hana muda.

Tume ya kitaifa ilipendekeza mwaka 1973 kuwa wakili wa umma asibebe kesi kubwa zaidi ya 150 kwa mwaka. Idadi hiyo tayari ni nyingi, na kwingi imepitwa mbali. Louisiana ndiyo mfano mchungu zaidi, kwa kuwa huko sehemu kubwa ya fedha za kumtetea maskini hutoka katika ada na faini za mahakamani, zikiwamo za makosa ya barabarani. Kimbunga Katrina kilipoupiga mji wa New Orleans mwaka 2005, magari yalitoweka barabarani, faini zikakauka, wengi wa mawakili wa umma wakaachishwa kazi, na mahabusu kwa maelfu wakakaa miezi bila mtu wa kuwauliza hata majina. Mwaka 2016 ofisi ya mawakili hao mjini humo ilianza kukataa baadhi ya kesi nzito, ikisema kuzipokea bila uwezo wa kuzishughulikia ni kuwadanganya washitakiwa.

Mvutano huo ulijitokeza tena mwaka 2025 huko Massachusetts, jimbo tajiri, ambako kesi nyingi za maskini hubebwa na mawakili binafsi wanaolipwa na Serikali kwa saa. Kuanzia mwishoni mwa Mei wengi wao waligoma kupokea kesi mpya, wakisema dola 65 kwa saa ni chini ya wanazopata wenzao wa majimbo jirani. Julai mahakama iliamuru utaratibu uliowekwa mwaka 2004 utumike: mahabusu asiyepata wakili kwa siku saba aachiwe, na kesi isiyo na wakili kwa siku 45 ifutwe. Waendesha mashtaka walilalamika, lakini zaidi ya kesi 100 zilifutwa Boston mwezi huo huo. Agosti jimbo liliidhinisha nyongeza ya dola 20, nusu yake mwaka wa kwanza na nusu mwaka unaofuata, pamoja na fedha za kuajiri mawakili wa umma wapya.