Utamu wa hadithi uko mdomoni mwa nani?

Bisha usibishe, msomaji wangu, hadithi ni sauti! Mimi nilikuwa mbishi namba moja, mpaka nilipokwenda Mwamapalala kumsalimia bibi.

Njiani, waya masikioni, nilikuwa nasikiliza "Mythos", kitabu cha mwaka 2017 ambamo Mwingereza Stephen Fry anazisimulia upya hadithi za miungu ya Wagiriki. Kukisoma kulinishinda. Majina chungu nzima, mara Kronos, mara Rhea, nikakitupa uvunguni. Safari hii anayesoma ni Fry mwenyewe, na jamaa ni mwigizaji hasa. Kronos anawabugia watoto wake watano. Zamu ya wa sita, Zeus, mama mtu anamfungia mumewe jiwe kwenye nguo, naye analimeza hivyo hivyo! Nilicheka peke yangu mpaka abiria wa pembeni akasogea.

Basi bwana, baada ya shikamoo na ugali nikampa bibi kisa hicho. Akaguna. "Huyo si Shing'weng'we huyo?"

Kwa wasiomjua, hilo ni zimwi la Wasukuma lililomeza watu wote, akabaki mama mmoja mjamzito. Mwanawe, Masala Kulangwa, ndiye aliyekuja kuliua na kulipasua tumbo watu watoke. Bahati mbaya kisu kikamkata sikio bibi kizee, ikawa kasheshe nyingine.

Bibi yangu akifika kwa zimwi hangurumi, ananong'ona. Akifika kwenye kisu anashika sikio lake na kunyamaza. Watoto kimya, mimi nywele zimesimama!

Nilimrekodi kwa simu, maana umri wake umekwenda na mimi kisa hicho ninacho nusu nusu. Asubuhi kusikiliza, loo! Pale penye sikio hakuna kitu, ni kikohozi cha mtoto tu. Kumbe nusu ya hadithi ilikuwa mikononi mwake.

Nikamkumbuka Deborah Mwenda wa "Mama na Mwana", Redio Tanzania Dar es Salaam. Naye hatukumwona mikono, lakini ile "Binti Chura" waliokua nayo wanaisikia mpaka leo. Msimulizi wa redioni, kama wa kitabu cha kusikiliza, hana pa kushika sikio. Lazima sikio likatwe kwa sauti.

Bibi alisikiliza rekodi yake, akacheka sana.

"Zima hiyo, mjukuu wangu. Usiku naianza upya, na hao watoto wakalale."